Sitara ya Mlevi

Tarehe 16 Agosti 1939, katika mji wa Akron, jimbo la Ohio nchini Marekani, mtawa mmoja wa Kikatoliki alimpokea mgonjwa na kumwandika katika daftari la hospitali kuwa anaugua mchochota mkali wa tumbo. Mgonjwa yule alikuwa mlevi. Mtawa alilijua hilo, na daktari aliyemleta alilijua zaidi. Hospitali za zama zile hazikuwa zikipenda kupokea walevi. Walionekana ni watu wa kupiga kelele usiku, kutapika, kutolipa, kisha kurudi pale pale walipotoka. Na vitanda, ilisemwa, ni vya wagonjwa wa kweli.

Mtawa huyo ni Sista Ignatia. Alizaliwa Ireland mwaka 1889 kwa jina la Bridget Gavin, akahamia Marekani na wazazi wake angali mtoto, akaingia utawani, akasomesha muziki mpaka nguvu za mwili na za nafsi zikamwisha. Alipopata nafuu aliwekwa kwenye meza ya kupokea wagonjwa katika Hospitali ya Mtakatifu Thomas, kazi iliyodhaniwa kuwa nyepesi. Daktari naye ni Robert Smith, mpasuaji, ambaye wenziwe wote walimwita Daktari Bob. Naye alikuwa mlevi wa miaka mingi aliyekunywa tone lake la mwisho Juni 10, 1935. Kulipokucha, daktari aliomba mgonjwa wake ahamishiwe mahali pa faragha. Chumba kitupu hakikuwapo. Basi Sista Ignatia akaamuru kitanda kisukumwe hadi katika kijichumba ambamo maua ya wagonjwa yalikuwa yakikatwa na kupangwa. Mlevi yule alianza kurejea utu wake katikati ya mashina ya maua na ndoo za maji.

Swali langu ni jepesi kuuliza na zito kujibu: je, yule mtawa alisema uongo?

Wako wanaomtetea kwa hoja ya kitabibu. Tumbo la mlevi, wanasema, kweli lina mchochota; pombe kali hulichubua kama chokaa inavyochubua ulimi wa mtafuna tambuu asiyejua kipimo. Kwa hiyo neno lililoandikwa lilikuwa kweli, ingawa halikuwa kweli yote. Hoja hii ni ya mawakili nami siipendi. Mtu akiulizwa kwa nini nyumba imeungua akajibu kuwa ni kwa sababu kuni ni kavu, hajasema uongo, walakini hakuna hakimu atakayemshukuru. (Kwa mzaha tu nitakumbusha kwamba mtume Paulo naye alimshauri kijana wake Timotheo anywe mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo. Kati ya tumbo na chupa kuna usuhuba wa siku nyingi.)

Utetezi bora, kwa rai yangu, umo ndani ya lugha yetu wenyewe. Tunalo neno sitara. Hilo si neno la duka la nguo peke yake. Maiti husitiriwa. Mwari husitiriwa. Mgeni aliyefika usiku bila ya kitu husitiriwa, na mwenye nyumba hatamwuliza mbele ya watoto kilichomfukuza kwao. Tunapomwombea mtu tunasema Mungu amsitiri, na tunachokusudia ni kwamba Mungu asimvue mbele ya macho yasiyokuwa na haki ya kumwona. Mtu wa pwani akiambiwa habari ya Sista Ignatia na daftari lake hataanza kwa kuuliza kuhusu uongo. Atasema: kamsitiri.

Lakini hapo pana hatari, nami sitaki kuipita kwa haraka, kwa sababu visiwa vyetu na miji yetu ya mwambao imejaa nyumba zilizoangamia kwa jina la sitara.

Kila asomaye anaijua nyumba moja. Baba ni mtu wa heshima, ana nafasi msikitini au kanisani, na ana chupa. Gongo huletwa katika chupa ya maji ya kunywa, au tembo la mnazi huletwa na kijana ambaye hupita uani. Mke huacha mlango bila komeo ili mumewe asigonge na kuamsha mtaa. Chakula chake huwekwa chini ya kawa hadi alfajiri. Asubuhi mikono yake hutetemeka, na mtoto mkubwa hutumwa apate kidogo cha kumzimua, kwani bila ya kuzimua hawezi hata kufunga vifungo vya shati. Kazini hupelekwa habari kuwa ana homa. Jirani akiuliza, ni homa. Shemeji akija kutoka Pemba, ni homa. Nyumba nzima, kuanzia bibi mwenye tasbihi hadi mtoto wa darasa la tano, huwa imeajiriwa na ile chupa bila ya mshahara. Na mwisho wa homa hiyo ni kaburi, ambapo watu husimama na kusema marehemu alikuwa akisumbuliwa na maradhi ya muda mrefu.

Hiyo nayo tumeizoea kuiita sitara. Mimi naiita kuficha. Tofauti yake na kitendo cha Sista Ignatia haionekani kwa nje, maana kwa nje vyote viwili ni neno lisilo sahihi katika sikio la mtu wa tatu. Kule hospitalini daftari liliambiwa mchochota, lakini mgonjwa mwenyewe aliambiwa ukweli. Aliambiwa na daktari ambaye alikuwa amelala katika matapishi kama yake, na aliambiwa na watu waliokuja mmoja mmoja kuketi kando ya kitanda, kila mmoja akisimulia maisha yake bila kupaka rangi. Chini ya lile pazia palikuwa na mazungumzo ya kweli kuliko yote aliyopata kuyasikia. Katika nyumba niliyoieleza hapo juu mambo ni kinyume: mtaa wote unajua, muuza gongo anajua, mbuzi wa mtaani wanajua, na mahali pekee ambapo jambo halitamkwi ni baina ya mume na mke chumbani.

Kwa hiyo ukitaka kujua kama umemsitiri mtu au umemficha, angalia kinachosemwa ndani ya pazia.

Hospitali ile haikubaki na siri yake kwa muda mrefu. Wakubwa waliridhia, wodi ikafunguliwa, na utaratibu ukakomaa. Mgonjwa alikaa siku 5. Hakuja peke yake. Aliletwa na mdhamini, yaani mtu aliyekwisha kuacha pombe, ambaye alijibidiisha kumfuatilia hata baada ya kutoka. Waliomzuru walikuwa ni watu wa namna hiyo hiyo. Palikuwa na birika kubwa la kahawa lisilokaukiwa, na msomaji wa mwambao hahitaji kuelezwa maana ya kahawa katika kuwakusanya watu wazima wanaotaka kusemezana. Kwa kuzingatia tabia ya maradhi haya utaratibu huo ulikuwa na busara nyingine pia. Mlevi wa siku nyingi akikatishwa pombe ghafla anaweza kutetemeka, kuona visivyokuwepo, kupatwa na mshtuko kama wa kifafa, na hata kufa. Ile tabia ya baadhi ya jamaa kumfungia mtu chumbani siku tatu kwa nia njema ya kumwachisha ni tabia ya kuua. Anahitaji tabibu kwanza, mawaidha baadaye.

Mpaka Daktari Bob alipofariki mwaka 1950, walevi wapatao 5,000 walikuwa wamepita mikononi mwa hao wawili. Mwaka 1952 Sista Ignatia alihamishiwa Cleveland, katika hospitali iitwayo St. Vincent Charity, akasimamia wodi iliyoitwa Rosary Hall Solarium. Herufi za mwanzo za jina hilo ni R, H na S, nazo ndizo herufi za Robert Holbrook Smith, jina kamili la rafiki yake. Watunzi wa mashairi tunaotia majina yetu katika vina vya beti za mwisho tutaelewa furaha aliyoipata katika kuficha jina hilo hadharani. Alifariki mwaka 1966.

Kuna jambo moja katika utaratibu wake ambalo limenifikirisha kuliko mengine. Mgonjwa alipokuwa akiaga, Sista alimpa beji ndogo ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, na kumwekea sharti moja. Hakumwambia aape kuwa hatakunywa tena. Alimtaka aahidi kwamba siku atakapoamua kunywa, kabla ya kinywaji cha kwanza kupita midomoni, ataileta ile beji na kuirudisha mkononi mwake.

Mtu wa haraka ataona hapo ulegevu: kumbe ameruhusiwa kunywa! Hebu tulipime sharti lenyewe. Njia ya kutoka kilabuni hadi hospitalini ni ndefu. Katika njia hiyo mtu hupungukiwa na ile kiu ya ghafla, kwa maana kiu ya pombe, kama wajuavyo walioionja, huja kama wimbi na huondoka kama wimbi, ila wakati imepanda humdanganya mtu kuwa itakaa hapo hapo milele. Tena anayesubiriwa kukabidhiwa beji ni bibi mdogo wa umbo, mpole, ambaye hatapiga kelele wala kulia. Ni rahisi kumvunjia ahadi mtu mkali, kwani ukali wake hukupa kisingizio. Ni vigumu mno kumtazama usoni mtu ambaye hakukudai kitu ila umwage kwanza. Upole wa Sista Ignatia ulikuwa na uzito ambao matusi hayana.

Sasa na tuulize alikotoa ujuzi huo, maana yeye hakuwahi kuwa mlevi. Sehemu moja ya jibu ni kule kuugua kwake. Sehemu kubwa zaidi imo katika kisa kilichotangulia kwa miaka minne.

Mwezi Mei 1935 mfanyabiashara mmoja wa New York, Bill Wilson, alikuwa amesimama katika ukumbi wa hoteli mjini Akron. Alikuwa amekaa miezi mitano bila pombe. Biashara iliyomleta ilikuwa imeharibika, mfukoni hakuwa na kitu cha kutosha, na upande mmoja wa ukumbi zilisikika sauti za watu wakinywa. Alijua kuwa akiingia amekwisha. Akaenda kwenye simu, akatafuta katika orodha ya makanisa, akampata mchungaji, na kwa kupitia majina aliyopewa akamfikia bibi mmoja Mkristo, Henrietta Seiberling. Ombi lake lilikuwa la ajabu. Hakuomba kuombewa. Aliomba kutafutiwa mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Kesho yake akakutanishwa na Daktari Bob, aliyekuja na uchovu wa pombe ya jana na kusema atakaa dakika 15 tu. Walizungumza kwa zaidi ya saa sita. Kutokana na mazungumzo hayo kimezaliwa kile chama cha walevi wasiotajwa majina ambacho leo kimeenea dunia nzima.

Nawaomba wasomaji watulie juu ya lile ombi. Wilson hakwenda kwa daktari kwa sababu alimhurumia. Alikwenda kwa sababu bila ya daktari angekunywa. Yule anayesaidia ndiye aliyekuwa na haja, na yule anayesaidiwa alilihisi hilo tangu dakika ya kwanza, akaacha kujikinga.

Lugha yetu imelihifadhi onyo kuhusu jambo hili mahali ambapo hatulioni kwa kulizoea. Tunasema kumwonea mtu huruma. Ondoa lile neno huruma, kinabaki kitenzi kitupu, na kumwonea mtu maana yake ni kumdhulumu, kumtendea kwa nguvu usizostahili kuzitumia kwake. Baina ya huruma na uonevu pana neno moja tu, nalo hudondoka kwa wepesi. Aliyewahi kuwa mnyonge mbele ya wahisani analijua: wanakuja na mchele, wanakaa juu ya kiti, wewe umekaa mkekani, wanakuuliza umeacha lini, wanatikisa vichwa, na wanapoondoka unajihisi umepigwa.

Na lugha hiyo hiyo imetupa dawa. Wazee wetu wa mwambao hawasemi huruma tu. Husema pia kumwonea mtu imani. Mtu asiye na imani, katika usemi wa mtaani kwetu, si lazima awe kafiri. Ni yule awezaye kupita penye mtu aliyeanguka akainua pindo la kanzu. Nimefanya kazi ya tafsiri kwa miaka mingi na sikupata kuiona lugha nyingine, katika hizo chache nizijuazo, ambayo imeweka itikadi na upole wa moyo katika neno moja namna hii. Mwenye kukiri dini na mwenye kumwinua aliyeanguka wameitwa kwa jina moja, kana kwamba waliotuachia lugha walikataa kabisa kutuuzia kimoja bila kingine.

Ukristo una sababu ya pekee ya kulichunga neno hilo, nayo ni kwamba mwanzilishi wake alitukanwa kwa neno mlevi. Injili ya Mathayo na ya Luka zote mbili zimelihifadhi tusi hilo, na zimelihifadhi bila ya kukanusha kwa ukali, likiwa limefungwa pamoja na lile la kuwa rafiki wa wenye dhambi. Mkristo anayemwita jirani yake mlevi kwa dharau anatumia sarafu ambayo ilishawahi kutumika kumnunulia Bwana wake aibu.

Lakini sitaki kuwafanya Wakristo wawe wema kuliko walivyo. Katika makanisa mengi ya bara na ya pwani, mwenye kulewa hutengwa na meza ya Bwana, na akitubu hurejeshwa kwa ibada ambayo baadhi yao huiita kurudi kundini. Husimama mbele ya watu wote. Hutajwa jina. Huulizwa maswali na kujibu. Nimeona baadhi wakitoka hapo uso umenyooka, wameburudika. Nimeona wengine ambao hawakukanyaga tena. Nami nikisoma sura ya 15 ya Injili ya Luka, ile ya mwana mpotevu ambayo wahubiri huipenda mno, naona jambo ambalo ibada hiyo imelisahau. Kijana alikuwa ametunga hotuba njiani, yenye sehemu tatu: nimekosa, sistahili, nifanye kuwa mmoja wa vibarua wako. Anapofika, baba yake, mtu mzima, mwenye mali, anamkimbilia; na mtu mzima hakimbii mbele ya watumwa wake. Kijana anaanza hotuba. Sehemu ya kwanza anaisema, ya pili anaisema. Ya tatu haipo. Baba amemkata maneno na kuagiza nguo. Nguo, angalia! Kitu cha kwanza alichopewa ni sitara.

Yule baba hakukataa kusikia kosa, alilisikia. Alichokataa ni kumwacha mwanawe ajiuze kwa bei ya kibarua.

Hata hivyo hadithi ile ina mtu wa pili, na hapa ndipo mahubiri mengi yanapochechemea. Kaka mkubwa yuko shambani. Anasikia ngoma. Anakataa kuingia. Wahubiri humpiga kwa maneno kana kwamba yeye ndiye aliyekula mali na makahaba. Mimi naona ana haki. Katika nyumba ya mlevi, kaka mkubwa ni mke ambaye aliuza vibweta vyake vya dhahabu kulipia skuli. Ni binti aliyejifunza kuhesabu hatua za baba ukumbini ili ajue leo atapigwa au hatapigwa. Mpita njia anapomkumbatia mlevi aliyeacha pombe na kumsifu kwa ushujaa, huruma hiyo imempatia bure. Bei yake ililipwa na mwingine, tena kwa miaka, na hakuna aliyempigia ngoma.

Bibi Lois Wilson, mke wa Bill, aliisema habari hii mwenyewe. Alimlea mumewe mlevi kwa miaka mingi, akifanya kazi dukani kumlisha, akiamini kuwa mapenzi yake ndiyo yatakayomponya. Kisha mume akaponywa na watu baki. Jioni moja alipomhimiza afanye haraka wasichelewe mkutano, alimrushia kiatu. Nakistahi kiatu kile. Kimezaa matunda: mwaka 1951 Lois na wenzake waliasisi chama cha jamaa za walevi, kiitwacho Al-Anon, ambako mke, mama na mtoto huzungumza habari zao wenyewe na siyo za chupa. Huruma inayomwacha mke nje ya karamu haijatimia, na baba wa ile hadithi alilijua, ndiyo maana alitoka nje mara mbili siku ile: mara ya kwanza kumkimbilia mdogo, mara ya pili kumbembeleza mkubwa. Luka hakutuambia kama mkubwa aliingia. Hiyo ni hiari yake, na hakuna sheikh wala padri mwenye haki ya kumsukuma mlangoni.

Limebaki jambo la kuanguka tena, ambalo ndilo huwashinda hata wenye upole.

Kiswahili chetu hapa kinatutega kwa njeo. Tunasema fulani ameacha pombe. Ni kitenzi cha jambo lililokwisha, kama ameoa, ameuza shamba. Basi siku akionekana tena mangweni, tunasema kumbe alikuwa mwongo. Na yeye mwenyewe husema hivyo hivyo moyoni, na akishajiita mwongo haoni sababu ya kuzuia kikombe cha pili. Wale walioanzisha kazi ya Akron walihesabu kwa siku. Kwao mtu yumo katika kuacha. Anaacha leo. Kesho haijaumbwa. Kama ningetakiwa kutafsiri misemo yao ningeitupa -me- na kuandika -na- kila mahali, hata kama mhariri angeniletea kalamu nyekundu.

Historia ya nchi alikozaliwa Sista Ignatia inatupa mifano ya njia zote mbili. Mwaka 1838, katika mji wa Cork, Padri Theobald Mathew alianza kuwaapisha watu kuacha pombe maisha yao yote, na waliomfuata walikuwa umati usio kifani. Viwanja vilijaa watu waliopiga magoti wakaapa kwa pamoja. Njaa kuu ikaja, padri akazeeka, na nyingi katika zile ahadi zikayeyuka. Mwaka 1884, mjini Dublin, kibarua wa miaka 28 aitwaye Matt Talbot, mlevi tangu utoto wake, alisimama nje ya kilabu bila senti akingoja rafiki zake wamkaribishe ndani. Walipita. Akarudi nyumbani, akaenda kwa padri, akaapa kwa miezi mitatu. Mitatu tu. Ilipokwisha akaongeza. Hakuonja tena hadi alipoanguka njiani akienda kanisani mwaka 1925. Alikuwa akitoka bila fedha mfukoni ili mlango wa kilabu usipate cha kumvutia. Walipoivua maiti yake walikuta amejifunga minyororo kwa toba, na hapo, nakiri, moyo wangu haumfuati. Namfuata zaidi katika kisa kingine kinachosimuliwa: wakati wa ulevi yeye na wenziwe walimwibia fidla mpiga muziki mmoja wa mtaani, wakainywea. Alipoacha pombe alimtafuta mtu huyo Dublin nzima ili amlipe, wala hakumpata.

Wasomaji wangu wengi ni Waislamu, na yamkini wanajiuliza haya yote yanawahusu nini. Katika Sahihi ya Bukhari mna habari ya mtu aliyeletwa mara kwa mara kuadhibiwa kwa kunywa. Mmoja wa waliokuwapo akamlaani kwa kuwa ameletwa mno. Mtume akakataza asilaaniwe, akashuhudia kuwa mtu yule anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Adhabu haikuondolewa; laana iliondolewa. Wanazuoni wana mengi ya kusema hapo, mimi natazama tu kuwa mtu aliyeanguka mara nyingi ametolewa ushahidi wa kile kilichobaki kizima ndani yake.

Na kile kilichoanza Akron kimeshavuka bahari. Tangu mwishoni mwa miaka ya 2000 ziko Unguja nyumba ambazo watu huziita soba hausi, zilizoanzishwa zaidi kwa ajili ya vijana waliopatwa na unga, na wa pombe nao wamo. Wanaokaa humo wengi wao ni Waislamu. Wanaswali, wanapika, wanafagia, na wanazifuata zile hatua 12 zilizoandikwa na walevi Wakristo wa Marekani, waandishi ambao kwa bahati njema waliacha nafasi ili kila mtu amwite Mungu kwa namna anavyomjua.

Mtaani vijana hao huitwa mateja. Neno lenyewe linasikitisha mtu wa lugha. Mteja alikuwa mwanadamu, yumo katika ngeli ya mtu na mtoto. Alipovuliwa ile m- ya mbele akawa teja, na wingi wake mateja, katika ngeli ya mawe na madebe. Sarufi imemtoa katika watu. Humo ndani ya soba hausi nimewahi kualikwa kusoma mashairi jioni moja, na kabla ya mashairi walikuwa na mkutano wao. Kila mmoja alisimama akataja jina lake la kwanza, akataja idadi ya siku. Wengine walikuwa na mamia. Mmoja, mtu mzima kunizidi, alisema siku yake ni moja, na mkekani wakasogea kumpisha katikati.